Kozi Moja, Vyuo Vingi: Mwongozo kwa Familia Inayochagua Mahali pa Kusomea Udaktari

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kuna nyumba chache katika Kaunti ya Trans Nzoia ambazo shangwe yake hugeuka mjadala kabla ya wiki kuisha. Mtoto amepata A au A-, Biolojia na Kemia ziko sawa, na tangu kidato cha kwanza amekuwa akisema anataka kuwa daktari. Kisha mtandao wa KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya kadiri, unafunguliwa. Familia inakuta kozi ile ile, yenye jina lile lile, katika vyuo vingi: Nairobi, Moi, Maseno, Masinde Muliro, Kisii, Egerton, Kenyatta, JKUAT na kadhaa vya kibinafsi. Baba anataka Nairobi kwa sababu ya jina. Mama anataka Eldoret kwa sababu ni karibu. Mjomba anapiga simu kusema kwamba chuo fulani ndicho kinachotoa madaktari wa kweli. Mtoto mwenyewe amenyamaza.

Uamuzi huo ni wa miaka sita, kwa kuwa hiyo ndiyo muda wa kawaida wa shahada ya udaktari na upasuaji katika vyuo vya Kenya. Baada yake kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini kama daktari mwanagenzi kabla ya kupata leseni kamili. Kijana anayejiunga na chuo akiwa na miaka 18 atakuwa na miaka 25 au zaidi kabla ya kuruhusiwa kutibu mgonjwa bila kusimamiwa. Ndugu zake wadogo watakuwa wamepitia sekondari nzima katika kipindi hicho, nao pia wakihitaji karo. Kwa hiyo inafaa familia ijue ni nini hasa kinachotofautisha chuo kimoja na kingine, na ni nini ambacho ni kelele tu.

Soma jina la kozi hadi mwisho

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla ya kulinganisha vyuo. Kozi inayomfanya mtu kuwa daktari nchini Kenya ni shahada ya udaktari na upasuaji, ambayo kwenye orodha ya KUCCPS na kwenye vyeti huandikwa kwa kifupi MBChB. Ukaribu wa majina umewaponza wengi. Kuna shahada ya sayansi katika Clinical Medicine, ambayo humtoa mtu akiwa tabibu, yaani afisa wa kliniki. Kuna sayansi ya maabara ya matibabu. Kuna sayansi ya biomedikali. Zote ni kozi nzuri zenye kazi yake, na zahanati nyingi za kaunti zingefungwa bila matabibu na wataalamu wa maabara. Lakini si kozi moja. Mwanafunzi aliyebofya Clinical Medicine akidhani ni udaktari hugundua wiki ya kwanza chuoni, na kurekebisha kosa hilo si rahisi.

Masomo yanayotakiwa kwa MBChB ni manne, na kila moja linahitaji gredi ya B au zaidi: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hilo la mwisho husahaulika. Mwanafunzi aliyeteleza katika Kiingereza akapata B- lakini ana A ya Kiswahili hajafungiwa mlango.

Kuna pia jambo la idhini. Shule za udaktari hukaguliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo ndilo hutoa leseni kwa madaktari wote nchini. Baraza hilo huchapisha majina ya shule linazozitambua. Kabla ya kulipa shilingi yoyote kwa chuo, hasa kile kilichoanza kozi hii juzi au kile kinachojitangaza kwa mabango, mzazi atafute jina lake kwenye orodha hiyo. Chuo kinaweza kuwa na jina zuri katika biashara au ualimu na bado kisiwe na ruhusa ya kufunza udaktari. Kama jina halipo, mazungumzo yaishie hapo.

Jina likiwepo, basi familia ielewe jambo moja ambalo hupunguza kelele nyingi za mjomba: leseni ni moja. Aliyehitimu Nairobi na aliyehitimu Kakamega huenda kwenye mwaka wa uanagenzi kwa kupangiwa na Wizara ya Afya, na baadaye husajiliwa na baraza lile lile kwa daraja lile lile. Mgonjwa anayeletwa usiku na bodaboda kutoka Endebess haulizi daktari wa zamu alisomea wapi.

Pointi za mwaka jana zinasema nini

Wanafunzi wengi hupanga vyuo kwa kuangalia pointi za klasta za mwaka uliopita, ambazo huhesabiwa kati ya 48. Kwa udaktari katika vyuo vya umma pointi hizo kwa kawaida huzidi 40, na chuo kilicho na pointi za juu zaidi huchukuliwa kuwa ndicho bora zaidi. Hapo kuna kutoelewana.

Pointi hizo si kipimo cha ubora wa mafunzo, wala si kizingiti kilichowekwa na chuo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka huo. Zikiwa juu, maana yake ni kwamba watu wengi wenye alama nzuri walikitaka chuo hicho na nafasi zikajaa mapema. Chuo kilicho Nairobi kitakuwa na pointi za juu kwa sababu kiko Nairobi, na kwa sababu kila shule ya sekondari nchini inakijua. Mwaka unaofuata zinaweza kupanda au kushuka kulingana na waliofanya mtihani na idadi ya nafasi.

Zina faida yake, lakini ni ya namna nyingine: humsaidia mwanafunzi kutojidanganya. Aliye na pointi 41 hafai kujaza nafasi zake zote za juu kwa vyuo ambavyo mwaka jana vilifungia 44. Fomu huruhusu kozi hiyo hiyo kuandikwa kwa vyuo tofauti, kwa hiyo anaweza kuweka kwanza chuo anachokitaka kweli hata kama ni kigumu kidogo, kisha vingine vilivyo ndani ya uwezo wake. Chini kabisa aweke kozi nyingine ambayo ataisoma kwa moyo kama udaktari utamkosa. Si busara kuandika kozi ya kujazia tu, kwa sababu wapo waliopelekwa huko huko.

Tofauti kubwa iko wodini

Miaka ya mwanzo ya udaktari hufanana karibu kila mahali. Mwanafunzi husoma anatomia, fiziolojia na biokemia, huingia maabara, hupasua maiti ya mafunzo, hukariri majina ya mifupa mpaka usiku. Vitabu ni vile vile. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuziba mapengo ya mhadhiri dhaifu kwa kusoma mwenyewe na wenzake.

Mambo hubadilika anapovaa koti jeupe na kuingia wodini. Kuanzia hapo darasa lake ni hospitali: wodi ya watu wazima, ya watoto, ya upasuaji, ya kina mama waliojifungua, ya magonjwa ya akili. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha sauti ya kifua chenye nimonia au namna tumbo gumu linavyohisi chini ya vidole. Kwa hiyo swali la maana kuhusu chuo cha udaktari ni hospitali ambayo wanafunzi wake hufunziwa, ina wagonjwa gani, na nani husimama pale kuwafunza. Majengo ya chuo hicho kwenye kalenda hayasemi lolote juu ya hayo.

Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho shule yake ya udaktari ilianza mwaka wa 1967 na ndiyo kongwe zaidi nchini, kinatumia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hapo hupelekwa wagonjwa walioshindikana kwingine kote. Mwanafunzi ataona saratani adimu, ajali mbaya, watoto wenye kasoro za moyo, na atafunzwa na mabingwa wa taaluma ambazo hospitali nyingi hazina hata mtu mmoja. Hiyo ni hazina. Lakini katika hospitali ya aina hiyo mwanafunzi hayuko peke yake. Kuna madaktari wanaosomea ubingwa, wanagenzi, wanafunzi wa uuguzi na wa vyuo vingine, wote wakizunguka kitanda kimoja. Anayeshona kidonda mara nyingi ni yule aliye mbele kwa masomo, na mwanafunzi wa mwaka wa nne huangalia.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichopokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990, kilichagua njia tofauti tangu mwanzo. Wanafunzi hufunzwa katika vikundi vidogo kwa kupewa kisa cha mgonjwa na kutafuta wenyewe chanzo na tiba, badala ya kusubiri mhadhara. Pia hupelekwa vijijini na kwenye vituo vya afya kuona maradhi yanavyoanza nyumbani, mpango unaojulikana kama COBES. Hospitali yao ni ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambayo nayo ni ya kitaifa, na uhusiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani umeleta huko wahadhiri na mpango mkubwa wa matibabu ya HIV unaoitwa AMPATH. Njia hiyo ya kujifunza haimfai kila mtu. Mwanafunzi anayependa kuambiwa moja kwa moja nini cha kusoma anaweza kuhangaika mwaka wa kwanza. Mwingine, yule aliyekuwa akiuliza maswali mengi darasani mpaka mwalimu akachoka, atajisikia nyumbani.

Halafu kuna vyuo vinavyotumia hospitali za rufaa katika kaunti. Maseno hutumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Masinde Muliro iko na hospitali ya kaunti ya Kakamega, Kisii na hospitali ya rufaa ya Kisii, Egerton na ile ya Nakuru. Magonjwa yanayojaa hospitali kama hizi ndiyo ambayo daktari mpya atakutana nayo kazini: malaria, kifua kikuu, presha, kisukari, uzazi uliokwama, mifupa iliyovunjwa na bodaboda. Mara nyingi mwanafunzi hupata nafasi ya kushika na kufanya, kwa sababu mikono ni michache. Upande mbaya ni kwamba mabingwa pia huwa wachache, na mwanafunzi asiye na wa kumsahihisha anaweza kujifunza kosa na kulizoea.

Kwa maoni ya wengi waliopitia njia hii, ukubwa wa hospitali una uzito mdogo kuliko hesabu rahisi ambayo mzazi anaweza kuiuliza: daktari bingwa anapopita wodini asubuhi, anafuatwa na wanafunzi wangapi? Wakiwa wanane, kila mmoja atasikiliza kifua cha mgonjwa na kuulizwa swali. Wakiwa thelathini, walio nyuma wanaona migongo ya wenzao. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na thelathini, na chuo kidogo kinaweza kuwa na wanane. Kinyume chake pia hutokea, na idadi hubadilika kila chuo kinapoongeza nafasi. Ndiyo maana ni lazima kuuliza upya kila mwaka.

Mtu wa kuulizwa hayuko mbali. Katika hospitali ya kaunti mjini Kitale kuna madaktari wanagenzi na madaktari wapya waliotoka vyuo tofauti, na kumbukumbu zao bado ni mbichi. Mwanafunzi aende na mzazi wake, asubiri zamu ipungue, aombe dakika kumi kwa heshima. Asiulize "chuo chako ni kizuri?", kwa sababu kila mtu husifu alikotoka. Aulize: Daktari, mlikuwa wangapi wodini? Ulizalisha akina mama wangapi kabla ya kuhitimu? Ukikosea, nani alikuwa akikusahihisha? Ulikaa wapi miaka ya wodini? Majibu ya watu watatu yatamfaa kuliko brosha ishirini.

Miaka sita au minane

Swali jingine la kumuuliza daktari huyo, au mwanafunzi yeyote aliye chuoni, ni hili: waliojiunga mwaka wa 2019 walimaliza lini? Kozi ya miaka sita inayochukua minane ni hasara ya pesa na ya umri, na hasara hiyo haiandikwi popote kwenye orodha ya kozi.

Masomo ya udaktari husimama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni migomo ya wahadhiri, ambayo hugusa kozi zote za chuo. Ya pili ni ya udaktari peke yake: hospitali ikifunga, darasa limefunga. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa mwaka wa 2024, ambao kiini chake kilikuwa malipo ya wanagenzi na kuajiriwa kwao, ulidumu siku 56. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, hospitali nyingi za rufaa za kaunti huendeshwa na serikali za kaunti, kwa hiyo wanafunzi wanaofunzwa humo wanaweza kuathiriwa pia na mgogoro wa kaunti moja tu, hata kama kwingine kazi inaendelea. Hospitali za kitaifa za Nairobi na Eldoret zina mwajiri tofauti, ingawa nazo haziko salama na migomo ya nchi nzima. Hakuna chuo kinachoweza kuahidi kuwa hakutakuwa na mgomo. Lakini vyuo hutofautiana katika kufidia muda uliopotea. Kimoja hurudisha wanafunzi wodini mara moja na kubana likizo, kingine huwaacha nyumbani muhula mzima.

Pesa ambazo hazionekani kwenye fomu

Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi katika vyuo vya umma. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023, gharama hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mchango wa familia, kulingana na tathmini ya uwezo wa nyumba anakotoka mwanafunzi. Fomu ya tathmini hiyo ijazwe kwa makini na kwa ukweli, kila kipengele, wala isiachiwe mtu wa saiba aijaze kwa kubahatisha. Familia ikipangiwa kiwango isichokiweza, kuna nafasi ya kukata rufaa.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba anayejiunga na chuo cha kibinafsi, hata akipangiwa na KUCCPS, hapati ufadhili huo wa serikali. Anaweza kuomba mkopo wa HELB, na sehemu iliyobaki ni ya familia. Vipo vyuo vya kibinafsi vinavyofunza udaktari vizuri na kwa kalenda isiyoyumba. Lakini familia ifanye hesabu ya miaka yote sita kabla ya kukubali mwaka wa kwanza. Kuna wanafunzi walioanza kwa harambee na kwa kuuza ng'ombe, na mwaka wa tatu hakukuwa tena na ng'ombe. Kuacha udaktari mwaka wa tatu kwa kukosa karo ni pigo kuliko kutouanza, kwa kuwa miaka hiyo haimpi mtu cheti cha kazi yoyote.

Kati ya vyuo viwili vya umma, karo yenyewe huenda isitofautiane sana. Maisha ndiyo hutofautiana. Mfano: chumba cha Sh6,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ni Sh60,000 kwa mwaka, na kwa miaka sita ni Sh360,000. Chumba cha Sh3,500 kwa hesabu hiyo hiyo ni Sh210,000. Tofauti ya Sh150,000 ni karo ya sekondari ya mdogo wake kwa muda mrefu, na bado nauli na chakula havijaguswa. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kilomita 70 hivi. Mwanafunzi anaweza kuja nyumbani Jumamosi na kurudi na gunia dogo la mahindi na maharagwe. Nairobi iko umbali wa kilomita 380 hivi, na gunia hilo hulipiwa nauli yake. Hayo si mambo madogo katika nyumba ya mkulima.

Inafaa pia kujua mwanafunzi ataishi wapi hasa, kwa sababu anwani kwenye barua inaweza kupotosha. Bewa kuu la Moi liko Kesses, lakini shule ya udaktari iko Eldoret mjini kando ya hospitali. Bewa kuu la Egerton liko Njoro, na udaktari uko Nakuru mjini. Mzazi aliyekwenda kutazama hosteli za bewa kuu na kuridhika huenda ametazama mahali ambapo mtoto wake hatalala. Katika miaka ya wodini mwanafunzi hutoka hospitalini usiku, na kwa binti hasa, umbali kati ya wodi na kitanda chake ni suala la usalama. Chuo kilicho na hosteli ndani au kando ya hospitali kimempunguzia mzazi wasiwasi ambao pesa haziwezi kuununua.

Matangazo ya "pre-med"

Siku hizi baadhi ya wazazi huonyeshwa na mawakala vyuo vya Marekani vinavyotangaza masomo ya pre-med, na huambiwa kwamba mtoto ataanza udaktari mara moja. Sivyo. Marekani haimchukui mwanafunzi wa sekondari moja kwa moja kwenye udaktari kama Kenya inavyofanya. Kwanza husoma shahada ya kawaida ya miaka minne, katika somo lolote, huku akichukua Biolojia, Kemia na Fizikia zinazohitajika. Hicho ndicho huitwa pre-med, wala si shahada yenyewe. Baada ya hapo hufanya mtihani wa MCAT, huomba shule ya udaktari ya miaka mingine minne, na akikubaliwa, huendelea na mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu au zaidi. Shule nyingi za udaktari huko hazipokei raia wa kigeni, au hupokea wachache mno. Mtoto anaweza kurudi nyumbani baada ya miaka minne na mamilioni ya shilingi akiwa na shahada ya Biolojia, wakati mwenzake aliyebaki Kisii yuko mwaka wa tano wa udaktari. Kama lengo ni elimu pana ya sayansi na pesa zipo, si kosa. Kama lengo ni udaktari, mzazi aombe wakala aandike kwa maandishi ni shule gani ya udaktari itampokea mtoto baada ya pre-med. Kwa kawaida mazungumzo huishia hapo.

Wanaokwenda moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari katika nchi nyingine nao wajue kwamba wakirudi watafanyiwa mtihani na KMPDC kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi.

Nafasi ikikosekana

Kila mwaka kuna wanafunzi wenye A- wanaokosa udaktari kwa pointi chache. KUCCPS hufungua zaidi ya awamu moja ya maombi, kwa hiyo waliokosa waangalie nafasi zilizobaki kabla ya kukata tamaa. Baada ya wanafunzi kupangiwa hufunguliwa pia kipindi cha kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine au kozi moja hadi nyingine. Nafasi za udaktari katika kipindi hicho huwa chache sana na pointi za kozi lazima zifikiwe, kwa hiyo asijiunge mtu na kozi asiyoitaka kwa kutegemea kwamba atahama. Mtu yeyote anayedai anaweza "kusukuma" uhamisho kwa malipo ni tapeli. Maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe kwa nambari yake ya mtihani, na nywila yake asimpe mtu, hata wa saiba.

Waliopata chini ya B katika somo mojawapo wana njia ndefu zaidi lakini iliyo wazi. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, hufunza diploma ya utabibu kwa miaka mitatu, na matabibu waliofanya vizuri wamewahi kurudi chuo kikuu na kusomea udaktari wakiwa na uzoefu wa kazi ambao wenzao wa darasani hawana. Masharti ya kuingia kwa njia hiyo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na yaulizwe chuoni kwenyewe.

Kwa msaada wa mkopo, ofisa wa HELB hupatikana katika vituo vya Huduma. Mwanafunzi aende na kitambulisho chake au cha mzazi, cheti cha kuzaliwa, na barua ya kupangiwa chuo. Anayeomba basari ya wadi au ya NG-CDF atahitaji pia barua hiyo pamoja na muundo wa karo wa chuo, ule unaoonyesha mwaka wa kwanza hadi wa sita. Auombe wote mapema, kwa sababu ofisi nyingi za vyuo hutoa ule wa mwaka wa kwanza pekee mpaka mtu aulize.